Chungu cha Ikombe, chupa za soda na neno "barabara"

Kwa wiki mbili mimi na mdogo wangu tulikuwa tunavutana kwa sababu ya neno moja. Neno lenyewe ni "barabara". Wimbo tunaoutengeneza ni wa ile njia kuu inayotoka Dar es Salaam, ikapanda Kitonga, ikapita chini ya mji wa Iringa pale Ipogolo, ikaja Makambako, Uyole, ikakatiza hapa kwetu Mbeya na kwenda kufika Tunduma mpakani. Baba yangu alikuwa utingo wa malori ya Zambia. Ada yangu ya shule, sare zangu, hata cherehani yangu ya kwanza, vyote vilitoka kwenye lami ile. Kwa hiyo mstari wa kwanza nilioandika ulikuwa huu: "Barabara imenilea." Ulinijia nikiwa napiga pasi suruali ya mteja, na nikajua wimbo umeshapatikana.

Mdogo wangu akaupanga kwenye biti, akanivisha hedifoni, nikaimba. Kesho yake tulipousikiliza kwa utulivu, nilisikia nimeimba kitu kingine kabisa.

Nitalirudia hilo. Kwanza niseme sisi ni nani, maana wateja wangu na vijana wa kwaya huniuliza kila mara tunatengenezaje nyimbo zetu na huwa tunasikiliza nini, na mpaka leo sijawahi kukaa chini nikajibu vizuri.

Tuko wawili tu. Mimi naandika maneno na kuimba. Mchana nashona, nina kibanda karibu na soko la Mwanjelwa. Mwenzangu, huyo ninayemwita mdogo wangu, ni mtoto wa mama mdogo, fundi simu pale Kabwe, na ndiye mwenye kompyuta, kinanda kidogo cha oktava mbili na maiki moja tuliyoinunua kwa kuchangishana. Hatuna mpiga gitaa wala mpiga ngoma. Kila kinachosikika ama kimetoka kwenye kompyuta, ama ni kitu tulichokigonga wenyewe tukakirekodi. Wengine huita pop ya kielektroniki. Mama huita "ule muziki wenu wa umeme", na mimi jina hilo nalipenda zaidi.

Niliimba kwaya ya Moravian tangu nina miaka tisa, sauti ya pili. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kuanzia hapo watu wa huku wameimba kwa sauti nne kizazi baada ya kizazi, kwa hiyo mtoto wa Kinyakyusa anaweza kushika sauti ya pili kabla hajajua kusoma vizuri. Mwalimu wetu wa kwaya alitufundisha kwa do, re, mi ubaoni. Kitu alichokuwa hakivumilii hata kidogo ni mkazo kuanguka pabaya. Nyimbo nyingi tulizoimba zilitoka Ujerumani. Maneno yakatafsiriwa, tuni ikabaki ile ile ya Kijerumani, na matokeo yake kuna sehemu tuni inalazimisha neno la Kiswahili likanyagwe kwenye silabi isiyo yake. Mwalimu alikuwa akifika hapo anagonga meza kwa rula na kusema, "Mnaimba hivi kwa sababu mmezoea. Semeni neno kwanza, kama mnavyolisema sokoni." Tulilisema. Kisha tukaliimba tena, na mara nyingi alibadilisha urefu wa noti ili neno lipate haki yake. Sikujua wakati ule kwamba ndiyo kazi nitakayokuja kuifanya usiku na mashine.

Nyimbo za nje tulizokaa nazo kwa muda mrefu ni chache. Tulizipata taratibu, kwa bando la usiku, mdogo wangu akitafuta jinsi sauti fulani ilivyotengenezwa, mimi nikisikiliza mwimbaji anapumulia wapi.

Wa kwanza ni "Autobahn" wa Kraftwerk, kundi la Düsseldorf, wa mwaka 1974. Kwenye albamu una dakika zaidi ya 22. Jina lake maana yake ni barabara kuu ya magari, na unaanza kwa mlango wa gari kufungwa, injini kuwaka, honi. Mtoto wa utingo akisikia hivyo anakaa wima. Ila kilichonishika hasa ni kwamba wale watu waliimba kwa Kijerumani chao, kwa sauti ya kawaida, karibu na kuongea, na mashine zikaifuata lugha yao. Sielewi Kijerumani. Lakini nasikia kabisa kwamba hakuna neno lililovunjwa mgongo ili liingie kwenye biti.

Wa pili ni "I Feel Love" wa Donna Summer, 1977, uliotengenezwa Munich na Giorgio Moroder na Pete Bellotte. Huu mdogo wangu anaweza kuuzungumzia mpaka chai ipoe. Karibu kila kitu mle kimetoka kwenye sinthesaiza, yaani mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme, ya Moog, ile kubwa ya nyaya nyingi. Besi yake inakimbia bila kuchoka, na siri yake ni mwangwi: kila noti ya besi ilipopigwa, mwangwi wake ukarudi mara moja na kujaza nafasi iliyobaki kabla ya noti inayofuata. Noti yenyewe iko sikio moja, mwangwi wake sikio la pili. Ukivaa hedifoni unahisi besi inapita katikati ya kichwa chako. Ukitoa upande mmoja, mbio zote zinaisha, inabaki besi ya kutembea tu. Tulijaribu. Mdogo wangu aliniambia nivue upande wa kulia, na kweli wimbo ukapungua nguvu pale pale.

Halafu kuna jambo jingine ndani ya wimbo huo ambalo mimi nalipenda kuliko besi. Ile ngoma nene ya chini ilipigwa na mtu, Keith Forsey, kwa mguu wake, kwa sababu mashine haikuweza kutoa kishindo kizito walichokitaka. Wimbo ambao watu huutaja kama mama wa muziki wa mashine una mguu wa binadamu chini yake. Juu ya hayo yote Donna Summer anaimba maneno machache sana, marefu, laini, hana haraka yoyote. Chini wanakimbia, juu mtu anaelea. Tangu niusikie nimepunguza maneno kwenye nyimbo zangu karibu nusu. Zamani nilikuwa nataka kila pigo liwe na silabi.

Wa tatu ni "Sweet Dreams" wa Eurythmics, 1983, na hapa ndipo ulipoanza ugomvi wetu mwingine, ule wa chupa. Annie Lennox na Dave Stewart nao walikuwa wawili. Walichukua mkopo benki, wakanunua mashine ya kurekodi ya njia nane, wakafanyia kazi chumba kidogo London badala ya studio kubwa. Mle ndani kuna mlio wa kugongwa kwa chupa za maziwa zilizotiwa maji kwa viwango tofauti mpaka zikatoa noti walizotaka.

Mdogo wangu aliposoma habari hiyo alikwenda dukani akarudi na chupa sita tupu za soda. Tukazipanga sakafuni. Mimi nikasema, ukiongeza maji sauti inashuka. Yeye akasema hapana dada, ukiongeza maji sauti inapanda, na amejaribu mwenyewe. Tukabishana mpaka mama akatokea mlangoni kutuuliza kuna nini. Kumbe sote tulikuwa sahihi. Mimi nilikuwa nagonga chupa kwa kijiko. Yeye alikuwa anapuliza mdomoni mwa chupa. Ukigonga, kinachotetemeka ni kioo pamoja na maji yaliyomo, na maji yakizidi chupa inakuwa nzito, inatetemeka polepole, sauti inashuka. Ukipuliza, kinachotetemeka ni ile hewa iliyo juu ya maji, na maji yakizidi hewa inabaki kidogo, sauti inapanda. Chupa moja, maji yale yale, sauti mbili zinazokwenda pande mbili tofauti. Usiku ule tulirekodi zote, za kugonga na za kupuliza, nikimtajia do na mi na so naye akipunguza maji kidogo kidogo kwa kunywa. Alikunywa maji mengi sana. Zile za kupuliza ziko kwenye kiitikio cha wimbo wetu, chini kabisa, unaweza kudhani ni honi ya lori linaloshuka Mbalizi kwa mbali.

Baada ya chupa tukaanza kutazama kila chombo cha nyumbani kwa jicho jingine. Ndipo mama akasema, kama mnataka sauti nene, nendeni mkatafute chungu.

Mama kwao ni Kyela. Alituambia habari ya vyungu vya Ikombe, ile rasi ya Ziwa Nyasa karibu na Matema, ambako wanawake wa Kikisi wanafinyanga na kuvisafirisha kwa mitumbwi hadi sokoni. Tukaenda Jumamosi moja. Kutoka Mbeya unapanda mpaka Igawilo, unakata Tukuyu kwenye chai na migomba, halafu unashuka na kushuka mpaka joto linakufanya uvue sweta ulilotoka nalo nyumbani. Lusungo sokoni tulikuta vyungu vimepangwa chini kwenye majani makavu, vikubwa kwa vidogo, vyekundu, vingine vimechorwa nakshi shingoni.

Sijui kama niliwahi kusikiliza watu wakinunua kitu. Kila mama aliyekuja alikuwa anainama, anakiinua chungu kwa mkono wa kushoto, anakigonga kwa kifundo cha kidole cha kulia. Ngoo. Anageuza, anagonga upande wa pili. Ngoo. Kikilia hivyo hakina ufa. Akikuta kinachosema "kwa" kwa kifupi, anakirudisha bila maneno. Soko zima lilikuwa linagongwa. Mdogo wangu alisimama tu katikati na simu imeshikwa juu, anarekodi, mpaka muuzaji mmoja akamwuliza, "Mwanangu, unatafuta kununua au kusikiliza?" Akamjibu, "Vyote, mama." Yule mama akakaa naye karibu nusu saa akimgongea vyungu vyake kimoja kimoja. Alituonyesha pia kitu tusichokijua: ukipiga mdomo wa chungu kwa kiganja kilichofunguliwa na kukiondoa haraka, hewa ya ndani inatoa "duum" ya chini kabisa, na chungu kikiwa kikubwa zaidi ndivyo sauti inavyozidi kuzama. Nilisikia kifuani.

Tulinunua viwili. Kimoja kilifika salama. Cha pili kilipata ufa njiani, gari lilipopiga tuta kabla ya Tukuyu, na mimi nilikuwa nimekipakata. Niliumia, maana nilikuwa nimeshakichagua kwa sauti yake. Mdogo wangu alikigonga palepale kwenye gari, kikasema "kwa". Akasema tusikitupe.

Kuna wasanii wengine ambao siwezi kuwaacha. William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, alitoa albamu zake mwenyewe kati ya mwaka 1977 na 1985, zimejaa sinthesaiza, na "Fantastic Man" unachezeka jikoni mpaka ugali unaungua. Yazoo, yaani Vince Clarke na Alison Moyet, wawili wengine, "Only You" wa 1982: mashine baridi na sauti ya mwanamke yenye joto la blanketi. Waliachana baada ya albamu mbili tu. Hilo huwa nalifikiria tunapogombana.

Lakini aliyetufungua masikio zaidi ni mtu wa hapa hapa nyumbani, marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Mwaka 2002 alitoa albamu iitwayo "Assembly" pamoja na Michael Brook wa Kanada. Ilimba yake inalia, ile ya mbao na vibati vya chuma inayonguruma kidogo kila inapoguswa, na pembeni yake kuna mashine za Brook. Ilimba haikufanywa pambo. Ndiyo imeshika usukani, na mashine zinaisikiliza. Mdogo wangu aliposikia ule mngurumo wa vyuma alisema, "Dada, huyu tayari alikuwa na sinthesaiza." Na nakubaliana naye kwa moyo wote. Vijana wa mchiriku kule Dar es Salaam nao walikuwa na vinanda vidogo vya Casio na spika za honi, wakavipiga mpaka vikaongea lugha ya uswahilini. Kwa hiyo mtu akiniambia muziki wa umeme ni wa Ulaya, nina majibu.

Sasa kazi yenyewe. Tunarekodi usiku, kuanzia saa nne, bajaji zikishapungua. Chumba ni cha mdogo wangu. Tunatundika mablanketi mawili mazito mlangoni na dirishani, godoro linasimamishwa nyuma yangu ili sauti isirudi. Masika hatuwezi kurekodi sauti kabisa. Mvua ya Mbeya juu ya bati inameza kila kitu, na ikianza Novemba huwa haina haraka ya kumaliza. Miezi hiyo tunatengeneza biti tu. Juni na Julai kuna kimya kizuri, lakini baridi inakaza koo, pumzi inaonekana mbele ya maiki, kwa hiyo naimba nimejifunga khanga shingoni na chupa ya chai ya tangawizi iko miguuni. Umeme nao hukatika. Mara moja tulipoteza kazi ya siku tatu kwa sababu betri ya kompyuta ilikuwa imeshakufa, na mdogo wangu hakusema neno mpaka asubuhi. Siku hizi anahifadhi kila baada ya dakika chache.

Huwa naanza na mstari mmoja nausema kwa mdomo, siimbi. Nausema mara kumi, ishirini, nikitembea. Anaurekodi ule usemaji, kisha anatafuta ngoma inayokaa chini yake. Hiyo ndiyo njia yetu sasa. Mwanzoni tulifanya kinyume, biti kwanza, na ndivyo tulivyoingia kwenye shida ya "barabara".

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ba-ra-BA-ra ni njia, ile ya lami aliyoifanyia kazi baba. Ukirudisha mkazo nyuma silabi moja, ba-RA-ba-ra, umesema sawasawa, inavyotakiwa. Kwenye maongezi hakuna anayekosea. Kwenye biti ngoma ina mkazo wake, na sikio la msikilizaji linafuata ngoma. Mdogo wangu alikuwa amenianzisha nusu pigo kabla ya ngoma, kwa sababu kuanza hivyo kuna mvuto, kunavuta wimbo mbele. Matokeo yake ngoma ikaangukia kwenye RA. Nikawa naimba kwa hisia zote kwamba sawasawa imenilea.

Nikamwambia nianze juu ya ngoma. Akakataa, akasema mstari utakuwa mzito kama maandamano. Tukavutana. Hatimaye akakubali tujaribu: BA-ra-BA-ra, ngoma mahali pake, njia imerudi kuwa njia. Lakini neno lililofuata likaharibika. I-me-ni-LE-a linataka mkazo kwenye LE, na sasa ngoma ilikuwa inaangukia I, NI na A. Tumeponya mguu, mkono umevunjika. Nilitaka kubadilisha maneno. Nilijaribu "imenikuza", "imenisomesha", "ndiyo mama yangu". Hakuna lililokuwa na uzito wa lile la kwanza.

Ijumaa iliyopita, usiku kama saa saba, nilikumbuka rula ya mwalimu wa kwaya. Nikausema mstari kama ninavyousema sokoni. Nikausema tena. Nikagundua kwamba nikiusema huwa napumua katikati. Barabara... imenilea. Pumzi fupi mno, nusu pigo. Nikamwambia, "Niachie hapo, pigo la tatu, usiniwekee neno." Akasogeza. BA-ra-BA-ra, kimya, i-ME-ni-LE-a. Na lile LE likatua juu ya pigo la kwanza la mzunguko unaofuata, pale penye nguvu kuliko pote, kana kwamba wimbo ulikuwa unalingoja muda wote.

Tulitazamana. Hakusema kitu. Alifungua faili la Lusungo, akachukua "duum" moja ya kiganja kwenye mdomo wa chungu, akaiweka ndani ya kile kimya.

Jana nilimpelekea mama simu akiwa anachambua mchele uani. Akasikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia magotini. Akaniambia nirudishe mwanzo. Akasikiliza tena.

"Hicho kinacholia katikati ni chungu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na kile chenye ufa mmekipeleka wapi?"

Mdogo wangu akajibu kutoka ndani kwamba kinaingia ubeti wa pili, asubiri.